Kopo la Soketi za Inchi

Kila Jumamosi asubuhi, kabla gari la kwanza halijaingia gereji, Kwanini alizifuta soketi za mama yake kwa kitambaa na kuzirudisha ubaoni. Soketi ni kikombe cha chuma kinachovalishwa kichwa cha bolti ili bolti ifunguliwe au ikazwe. Kwenye ubao huo mama alikuwa amechora duara kwa kila moja, kuanzia namba nane hadi ishirini na nne, hivyo iliyopotea ilijulikana mara moja.

Kwanini lilikuwa jina la utani. Wateja walimpa kwa sababu ya maswali yake, na akiwa na miaka kumi na miwili alikuwa hajayamaliza.

"Mama, mbona hizi za kwenye kopo la biskuti hazina mahali ubaoni?"

"Hizo ni za inchi. Za ubaoni ni za milimita. Magari mengi siku hizi hayataki inchi."

"Na kwa nini zimeandikwa sehemu? Hii 1/2, hii 9/16."

"Futa soketi, mwanangu. Maswali hayaondoi grisi."

Saa nne pikapu moja ya zamani iliingia ikifuka mvuke. Mkunga wa zahanati akashuka, akafungua mlango wa nyuma na kutoa sanduku la barafu.

"Fundi, nimekwama. Humu mna chanjo, na watoto wananisubiri. Barafu hii haifiki jioni."

Mama alichungulia chini ya boneti. "Pampu ya maji imekwisha. Si nilikuambia mwezi uliopita?"

"Uliniambia, nami nikanunua mpya. Iko chini ya kiti."

"Nilikwambia uibadilishe, dada, si uitembeze!"

Mkunga alicheka, lakini alilisogeza sanduku kivulini na kutazama saa. "Nisipoondoka saa nane, chanjo zote ni za kutupwa."

Injini ilipopoa, mama alimwaga maji, akaondoa feni na mkanda. Kisha akamgeukia binti yake. "Pampu imeshikwa na bolti nne. Zilegeze wakati nakata gasketi ya kuziba maungio yasivuje. Pima kwanza."

Kipimo cha taya kilikuwa mezani, hatua kumi tu. Kwanini aliziona ni nyingi. Alijaribu soketi namba kumi na nne, haikuingia. Akajaribu kumi na tano, ikaingia. Ilicheza kidogo, lakini si imeingia? Akavuta mpini kwa nguvu zote. Soketi iliteleza kwa kishindo, mkono wake ukagonga chuma.

Alipoitoa, alitazama kichwa cha bolti. Kona zake sita zilikuwa zimelika, kimekuwa mviringo kama kifungo.

Aliangalia nyuma. Mama alikuwa ameinamia gasketi. Angeweza kusema aliikuta hivyo. Gari lenyewe lilikuwa zee. Kisha akaliona lile sanduku kivulini.

"Mama, nimeharibu bolti."

"Ngapi?"

"Moja."

"Basi umesema mapema. Wengine husema wakishamaliza zote." Mama akaja na kipimo mkononi. "Kipimo kilisemaje?"

Kwanini aliinamisha kichwa. "Sikupima."

"Pima hii nzima."

Alibana taya za kipimo kwenye bolti ya pili. "Kumi na nne nukta mbili. Mama, namba hiyo haipo ubaoni!"

"Kwa hiyo?"

Kwanini alikimbilia kopo la biskuti. Inchi moja ni milimita ishirini na tano nukta nne. Hilo alilijua kutoka darasani. Alichukua chaki, akapiga hesabu sakafuni. Nusu inchi ilikuwa ndogo mno. Tisa ya kumi na sita ilitoa kumi na nne nukta tatu, kubwa kuliko bolti kwa unywele tu.

Aliivalisha ile soketi. Haikucheza. Bolti tatu zikalegea bila purukushani.

"Na ile niliyoiharibu?"

Mama alichukua namba kumi na nne na nyundo.

"Lakini hiyo haiingii!"

"Haikuingia bolti ilipokuwa na kona. Kona si umezila wewe?" Akaigongelea taratibu mpaka ikashika, akavuta mpini. Bolti ikalia, ikazunguka.

Pampu mpya ilifungwa, bolti nyingine ikachukua nafasi ya ile iliyolika, na maji yakajazwa. Saa nane kasorobo injini ilinguruma bila kuvuja hata tone. Mkunga alipakia sanduku lake.

"Mimi pia sikisii dawa kwenye sindano," alimwambia Kwanini. "Ila bolti haina mama wa kuja kulalamika."

Pikapu ilipoondoka, mama alimpa binti yake ile bolti iliyolika.

"Kuuliza si ujinga, na wewe kuuliza hujambo. Lakini leo umewauliza watu wote isipokuwa bolti. Kipimo ndilo swali lake. Soketi zinazoingia ni nyingi, mwanangu. Inayokaa ni moja. Na ukikosea, sema kosa likiwa bado moja."

Kwanini alipigilia msumari juu ya ubao, akaining'iniza bolti hapo kwa waya. Kisha akachukua chaki na kuchora duara jipya la ile soketi ya 9/16, kati ya kumi na nne na kumi na tano.