Maharage ya Mama Yake Josepha

Kila jioni Josepha akibandika chungu, alimkumbuka marehemu mama yake. Mama alimwachia kitu kimoja: mbegu ya maharage ya zambarau kutoka kwao Nyabibuye. Mchuzi wake ulikuwa mzito na mweusi. Sokoni Kasulu hayauzwi. Ukiyapoteza, basi.

Mwaka 2014 mvua zilipoanza, Josepha aliyapanda yote katikati ya mahindi, kama watu wa kijiji chao, Titye, wanavyopanda.

Wakati wa palizi mgongo ulimsumbua. Mumewe, Cleophas, hakutaka kumwona akiinama. Alikwenda mjini Kasulu kununua dawa ya magugu.

"Haiui mahindi?" aliuliza.

"Mahindi haiyagusi," muuzaji alijibu.

Alisema kweli. Lakini muuzaji hakuuliza kati ya mahindi kuna nini. Na chupa ilikuwa na maandishi ya Kiingereza pekee. Wazee wetu hawajasahau walivyoambiwa na mabwana shamba kwamba kuchanganya mazao ni ujinga. Leo tunauziwa dawa ya mtu anayepanda mahindi peke yake. Nani aliwahi kutuuliza sisi tunapandaje?

Cleophas alipulizia shamba lote. Siku chache baadaye mashina ya maharage yalijisokota. Majani yakajikunja. Mahindi yalisimama vizuri tu.

Josepha aliketi ukingoni mwa shamba.

"Baba Godson," alisema polepole, "umemzika mama mara ya pili."

Cleophas alikwenda kumwita Recho, bibi shamba wa kata, mwenyeji wa Mbeya. Recho alishika shina moja, akaligeuza.

"Haya hayakukauka kwa njaa," alisema. "Yamekua hovyo mpaka yakajiua."

"Kukua kunaua?" Josepha aliuliza.

"Kusikosimama kunaua. Sikiliza, Mama Godson. Mmea umejengwa kwa chembe ndogo sana, huzioni kwa macho. Ndani yake kuna protini zinazozuia ukuaji. Zichukulie kama breki. Mmea ukitaka kukua, unatoa homoni. Homoni ikifika, zile breki zinawekwa alama, zinakatwakatwa."

"Zinatupwa?"

"Hazitupwi. Vipande vinatumika kutengeneza protini nyingine. Homoni ikipungua, breki mpya zinashika, ukuaji unatulia. Ndivyo mmea unavyojiongoza kila siku."

"Na dawa yangu?" Cleophas aliuliza.

"Dawa yako inaiga homoni, lakini haipungui upesi. Kila breki mpya ikitengenezwa, inakatwa. Mahindi yanaweza kuivunja dawa hiyo haraka. Maharage hayawezi."

"Kumbe nimeyateremsha mlimani kwa bodaboda isiyo na breki."

"Na abiria alikuwa mama mkwe wako," Josepha alisema.

Recho aliwaonya wasichume majani yale kwa mboga wala kulisha mbuzi. Penye maharage, dawa hiyo isipulizwe kabisa. Isipulizwe jirani wakati wa upepo. Bomba lililobeba dawa hiyo lisitumike tena kwenye maharage, kwa sababu mabaki kidogo tu yanatosha kuyaharibu.

"Nitapanda nini, basi?" Josepha alisema. "Mbegu sina."

Siku ya soko alimsimulia Immaculée, mkimbizi wa Kongo anayeuza vitenge. Immaculée alimtazama kwa mshangao.

"Mama Godson, umesahau? Wakati nilizaa, uliniletea maharagi kwa kikapu. Desturi yenu, ulisema. Ingine tulikula, ingine nikapanda nyuma ya nyumba, kule kambini Nyarugusu."

Soko lililofuata alileta fundo la kitenge. Josepha alilifungua. Zambarau. Alizimwaga mbegu zile kiganjani, akaanza kuzihesabu.

Alizipanda mvua za msimu wa pili. Safari hii Cleophas alipalilia mwenyewe kwa jembe, mstari kwa mstari. Majirani walimcheka.

"Umeoa au umeolewa?"

"Ninamlimia mama mkwe," alijibu.

Maharage yalitambaa, yakachanua, yakatulia kuzaa. Baada ya kuvuna, Josepha aliweka mbegu kwenye kibuyu chenye majivu. Sehemu nyingine alimpelekea Immaculée, sehemu nyingine Recho, ili mbegu isikae tena nyumba moja.

Zilizobaki alizibandika. Mchuzi ulipogeuka mweusi, Cleophas alileta sahani mbili.

"Lete tatu," Josepha alisema.

Akapakua ya tatu, akaiweka pale alipokuwa akiketi mama kila alipowatembelea.