Kijumba cha Penseli Penye Kona ya Mto

Mniwie radhi mapema: hadithi hii nitaiharibu. Nimezoea kuchekesha watu, na jini hachekeshwi.

Palikuwa na fundi wa ramani, mgane, kazi yake kubandika kitambaa nyuma ya ramani zilizochakaa. Siku moja akaletewa ramani kuukuu ya milima: mistari ya miinuko imesongamana kama makunyanzi, mto umejipinda katikati, hakuna kijiji, hakuna daraja. Karatasi kavu kama ngozi ya ngoma, lakini kila alipoikunjua, meza ililowa.

"Gundi yako imevuja," alisema mfunga vitabu wa chumba cha pili, bingwa wa mizaha.

"Gundi hainuki mawe mabichi, ndugu yangu."

"Basi umejikojolea. Uzee huo!"

Fundi akacheka kidogo. Tangu mkewe afariki, miaka sita iliyopita, akifika nyumbani husalimia kiti. Mchana, wenzake wakienda kula, alibaki akiutazama ule mto usio na mtu, akauonea huruma. Ndipo akafanya jambo ambalo fundi wa ramani hafanyi hata akilewa: akashika penseli, akachora kijumba penye kona ya mto, na njia ya vitone kutoka mlangoni hadi ukingo wa karatasi.

Kesho yake kijumba kilikuwa kinafuka moshi.

"Kuna mtu ndani," alimnong'oneza mfunga vitabu. "Ananiita kwa jina alilonipa marehemu."

"Jini huyo! Futa!"

"Nifute nyumba yenye mtu? Wewe mwenyewe hujanikaribisha kwako hata siku moja."

Mwenzake akarudi chumba cha pili.

Mchana uliofuata fundi alisikia maji, kwanza mbali kama bomba la jirani lililosahauliwa wazi, kisha chini ya meza, kisha ndani ya masikio yake, na harufu ya mawe mabichi ikajaa chumba, na ile sauti ikasema chakula kinapoa, njoo, umechelewa miaka sita, naye akagusa kitone cha kwanza, na kidole kikakanyaga udongo wa baridi.

Mfunga vitabu alipoingia, kiti kilikuwa kitupu, kimelowa. Kwenye ramani, vitone vilitikisika kimoja kimoja: kitu kilikuwa kinapanda kuja huku. Akanyakua kifutio, akasugua njia yote mpaka mlangoni.

Karatasini ikatoka sauti nyembamba: "Ndugu yangu, nilikuwa narudi."

Mkitaka, mlaumuni jini. Lakini mfunga vitabu yule ni mimi, na hiyo ndiyo kazi pekee niliyowahi kuimaliza bila kubakiza hata kitone.