Taarifa Aliyoizima Milka

Kila jioni, Milka alipomaliza kuosha vyombo, alikwenda kwenye duka la baba yake karibu na soko la Kombewa. Majirani walikuwa wamekwisha kukaa mbele ya redio. Taarifa zilisomwa kwa Kiswahili, nao walijua Kijaluo tu, kwa hiyo Milka, msichana wa darasa la sita, ndiye aliyewatafsiria. Kazi hiyo ilimvimbisha kichwa kidogo. Hata wazee walinyamaza alipofungua mdomo!

Jioni moja ya mwaka 1968, mzungumzaji mmoja alieleza mambo ya Umoja wa Mataifa. Aliongea, akaongea, hata Milka akachoka.

"Anasema nini?" aliuliza Seline, jirani yao, aliyekuwa amempakata mwanawe mchanga.

"Mambo ya ng'ambo, Mama. Hayatuhusu."

Alikuwa ameshika kitufe ili atafute muziki, tangazo likasomwa: gari la chanjo ya ndui lingefika Kombewa kesho asubuhi, wala si Ijumaa kama ilivyosemwa awali. Milka alilisikia vizuri. Lakini alikuwa na hamu ya rumba, akakizungusha kitufe huku akijiambia kwamba atawaambia baadaye. Rumba ilikolea, watu wakachangamka, naye akasahau kabisa.

Asubuhi, akielekea shuleni, aliliona gari sokoni. Akina mama waliofika walikuwa wachache mno. Wengine wote walikuwa mashambani wakipalilia, wakiingoja Ijumaa. Angeweza kunyamaza, na nani angejua? Kisha akamkumbuka mtoto wa Seline, akakimbia hadi shambani kwao.

"Mama, gari la chanjo limekuja!" alisema akihema. "Redio ilisema jana. Nilisikia, lakini sikuwaambia."

Seline hakupoteza wakati kumkaripia. Alitupa jembe, akambeba mtoto mgongoni, akawaita wenzake shamba kwa shamba. Walipofika sokoni, daktari alikuwa akifunga sanduku lake.

"Daktari, tafadhali ngoja!" Milka alilia. "Kosa ni langu, si lao."

Daktari aliwatazama wale watoto migongoni, akalifungua sanduku tena.

Alipochanjwa, mtoto wa Seline alipiga kelele hadi akachoka. Mama yake alipokwisha kumbembeleza, alimgeukia Milka. "Nyathina, mwanangu, yule mtu wa jana alikuwa anasema nini hasa, kabla ya muziki?"

Milka aliona aibu sana. "Alisema mataifa yamekubaliana kwamba kila mtu, popote alipo, ana haki ya kutafuta habari na kuzipata."

Akina mama walitazamana. Mmoja aliangua kicheko, lakini Seline hakucheka.

"Na hayo ndiyo uliyosema hayatuhusu?" aliuliza kwa upole. "Umefanya vizuri kusema kweli leo. Lakini mtoto wangu nusura akose chanjo, kwa sababu ulituchagulia la kusikia. Kuanzia leo tuambie yote, hata yanayochosha. Yanayotuhusu tutayachagua wenyewe."