Sanduku Dogo la La Paz

Jumatatu, tarehe 13 Januari 2025. Asubuhi hiyo baridi iligandisha Stratford; ukungu uliyafunika hata mabasi, na watu walitembea wakipulizia viganja vyao.

Mardhiya, mtunza wazee, koti lake la zambarau limefungwa hadi kidevuni, alisimama sokoni mbele ya lifti iliyofungwa kwa ukaguzi. Fundi alikuwa amepiga magoti ndani.

"Utamaliza saa ngapi, kaka?"

"Msichana mzima wewe, ngazi hizo hapo!" alicheka yule fundi, Suhaib. Alipoinua uso, akaisahau bisibisi mkononi. "Basi, dakika tano. Kwa ajili yako, tatu."

Zilikuwa kumi na mbili. Mardhiya alizingoja zote.

Tangu siku hiyo simu hazikukatika. Suhaib alikuwa Mpemba aliyesomea uhandisi miaka saba katika madarasa ya jioni. Alimsimulia habari za La Paz, mji wa Bolivia alikotamani kufanya kazi, uliojikunja kama bakuli katikati ya milima ya Andes. Vibanda vya abiria hupita hewani kwa kamba za chuma, juu ya nyumba za matofali mekundu. Wanawake huvaa marinda mapana na kofia za duara. Matajiri huishi bondeni, maana huko juu hewa ni haba. Na kila Januari wenyeji hununua vitu vidogo, mfano wa vile wanavyovitamani, wakiomba kuvipata vikubwa.

"Wewe ungenunua nini?" Mardhiya aliuliza.

"Ningekununua wewe, lakini wa kutia mfukoni, usinichoshe kwa maswali."

"Mtume! Mwanamme huyu!"

Januari iliyofuata Suhaib alipata kazi ya miaka miwili huko huko, kwenye kamba zile. Akaja na sanduku la safari lililo dogo kama kiberiti.

"Habibty, tufunge ndoa twende sote."

Mardhiya alilitazama, kisha akalirudisha. "Siwezi. Usiniulize."

"Kumbe machoni pako mimi fundi wa lifti tu," alisema Suhaib. Wiki nzima hakupokea simu zake.

Mardhiya alilia kwenye mswala. Alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, na hewa haba ya mlimani ingeweza kumuua. Mchumba wake wa kwanza aliposikia habari hiyo alitoweka, na tangu hapo mama yake, Bi Mwanamwema, alimkataza kuutaja ugonjwa huo. "Ewe Mola, nipe ulimi," aliomba. Akapiga tena. Safari hii Suhaib alipokea.

"Nina selimundu, Suhaib. Zile ngazi siku ile, sikuziweza. Na huko kwako sitafika hai."



"Na mimi nikakucheka," alisema Suhaib.

Jumapili alifika Ilford nyumbani kwa Bi Mwanamwema, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, pamoja na ami yake, Mzee Mwadini.

"Nitauvunja mkataba," alisema Suhaib.

"Usithubutu!" Mardhiya alimkatiza. "Miaka saba ulisinzia juu ya vitabu. Nenda. Mungu akinipa uhai, utanikuta."

Bi Mwanamwema alijifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Suhaib aliliweka lile sanduku dogo kiganjani mwa Mardhiya. "Basi niahidi jambo moja, mbele yao: usinifiche maumivu yako."

Mardhiya alimtazama mama yake kwanza, kisha akasema kwa sauti ya kusikika:

"Naahidi mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele yenu: maumivu yakinijia, nitakupigia saa ile ile, hata uwe unaning'inia kwenye kamba. Sitakuficha tena. Wala sitamficha mtu yeyote."