Nyumba ya Bei Chee ya Mzenga

"Abee, mama." Namsifu aliitika kutoka uani, akaja mbio. Mwalimu Elinipa akaacha kukuna nazi, akamtazama mwanawe. Hakuwa amemwita.

"Umeniita, mama. Ulikuwa chumba cha nyuma."

Chumba cha nyuma kilikuwa kitupu, hata mkeka hakikuwa nao. Elinipa alichungulia, akasikia harufu ya udi, akajiambia ni majirani. Hata wewe ungejiambia hivyo hivyo kama ungeteseka kutafuta nyumba kama yeye. Mjane wa watu katoka Same, kaletwa kufundisha Mzenga, nyumba za walimu zimejaa, halmashauri kila akienda ni subiri, jina lako tunalo. Wakwe nao walishamwambia wazi: ukikosa pa kukaa, mtoto wa marehemu tunamchukua. Ndipo dalali Mashaka akamletea nyumba hii, vyumba vitatu na bati jipya, kwa bei ya chumba kimoja. Elinipa alilia kwa furaha. Hakuuliza mpangaji wa kwanza alihama kwa nini.

Basi ikawa kila jua likifika utosini, mtoto anaitika, anakwenda nyuma, anakawia. Siku moja alirudi kasukwa upya, mistari myembamba imenyooka, kichwa kinanukia asumini.

"Nani kakusuka?"

"Si ni wewe, mama."

Elinipa alimbeba mtoto mpaka kwa jirani, Bi Mwanamkuu, akamweleza kwa sauti ya chini.

"Mwanangu, huku kwetu mtoto haitiki mpaka amwone anayemwita," bibi alisema. "Hukuambiwa?"

"Mimi nilimchapa kwa kuchelewa kuitika, bibi. Nilitaka awe na adabu."

Bi Mwanamkuu alimtuma mtu kwa Mzee Mwinyimadi, fundi wa mambo hayo. Mzee alifukiza ubani, akasoma mpaka kanzu ikalowa jasho, kisha akatoka akiwa amechoka.

"Hatoki. Alikuwamo kabla yenu, na mtoto keshamwitikia. Mtoe mtoto leo, mwalimu, kabla hajamzoea."

"Nimpeleke wapi, mzee? Kwa wakwe? Nikimpeleka kule ndiyo sina mtoto tena."

Juma lile lile halmashauri walimpigia simu kwamba nyumba moja ya walimu inakaribia kuachwa. Elinipa akaamua kuvumilia kidogo tu. Ningekuwapo ningemshika mkono, lakini sikuwapo.

Kesho yake adhuhuri alijibanza nyuma ya mlango wa chumba kile, kaziba mdomo kwa kanga, na humo ndani akasikia kitana kikipita kwenye nywele taratibu, na mtoto akicheka, na sauti ikimbembeleza kwa Kipare, maneno yale yale ambayo mama yake Elinipa alimbembeleza nayo zamani kule milimani na ambayo yeye hajawahi kumwambia mtu hapa Mzenga, na sauti yenyewe, Mola amsitiri, ilikuwa ya kwake mwenyewe, ila tamu zaidi, sauti ya mama asiyechoka wala kuchapa. Alisukuma mlango. Namsifu alikuwa peke yake, amekasirika.

Ijumaa aliitwa ofisini kuchukua ufunguo. Mtoto alimwacha kwa Bi Mwanamkuu, akamsihi asimwachie hata kidogo. Bibi wa watu aliinama kutawadha kwa ajili ya adhuhuri, na alipoinuka mtoto hayupo.

Elinipa alirudi akikimbia, ufunguo mkononi, moyo umejaa shukrani. Alimkuta Namsifu ameketi kizingitini pa nyumba ile ya kupanga, kichwa kinang'aa mafuta. Jiko lilikuwa likitoa moshi, na wali wa nazi ukinukia.

"Namsifu, mwanangu, inuka twende. Tumepata nyumba yetu."

Mtoto aliinuka, akarudi nyuma hatua chache, akamtazama kama anavyotazamwa mgeni.

"Shikamoo, mwalimu," akasema kwa adabu. "Mama yupo ndani, anapika. Nimwite?"