Magauni Yangu Yalitoka Makavu

Saa kumi na mbili kasorobo jioni nilirudi kutoka dukani na chupa ya sabuni ya maji. Ilikuwa siku ya sita tangu mashine ya kufulia iingie nyumbani. Muuzaji alitupa siku saba: tukiona haifai, gari lao linakuja kuichukua. Kesho saa nne asubuhi nilitakiwa kumpa jibu.

Mume wangu aliniachia uamuzi. "Wewe ndiye uliyeitaka," alisema.

Kweli niliitaka, na haikuwa kwa sababu ya kuchoka. Niliolewa na mwanamume aliyefiwa na mke. Kwa miezi minane nilimfulia mashati kwa mikono. Kila shati alilishika kola, akaligeuza kwenye mwanga, akalivaa kimya. Ya kusema alimwachia dada yake.

"Marehemu alikuwa akifua, wifi, kola nyeupe, unaweza kuandika barua juu yake."

Unashindanaje na mtu wa namna hiyo? Hachoki, hanuni, haunguzi wali. Nilitaka kitu ambacho yeye hakuwahi kuwa nacho.

Siku mashine ilipoletwa, ile ya kufungulia mbele, yenye kioo cha duara mlangoni, wifi alivuta kiti stoo akakaa mbele yake.

"Hii ni televisheni gani, jamani? Ya kutazama chupi zikizunguka?"

Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Kisha akaigusa mashine kwa kiganja.

"Marehemu aliiomba hii miaka minne. Kaka akamwambia mikono yake inatosha. Akaanguka hapo uani, beseni liko mbele yake."

Sikuwa nikijua. Nitasema ukweli: nilifurahi. Alichonyimwa yeye, mimi nilipewa.

Mara ya kwanza kuiwasha, ilitembea. Ilipofika kwenye kukamua iliachana na ukuta, ikaja hatua kwa hatua, ikanibana kwenye kona ya stoo mpaka nikapiga kelele. Kesho yake fundi aliigeuza, akacheka.

"Mama, hamkutoa boliti za nyuma! Hizi ni za kushikilia pipa la ndani wakati wa kusafirisha. Ukiwasha nazo, hii inakwenda mpaka barabarani."

Alizitoa zote nne, akanipa mkononi. Nikapumua. Kumbe ni boliti tu.

Lakini boliti hazielezi mashati. Mara ya pili kufua yalitoka na mikono imeingizwa ndani, kifungo cha juu kimefungwa. Nikadhani niliyaweka hivyo. Mara ya tatu yalinukia sabuni ya mche. Nyumbani hatuna sabuni ya mche.

Kwa hiyo siku ya sita niliamua kujaribu kwa makini. Mashati matano ya mume wangu. Shuka moja. Magauni yangu mawili. Nilifungua kila kifungo. Nikamimina sabuni mpya, nikafunga mlango, nikakaa kwenye kiti cha wifi. Nje giza lilikuwa linaanza kuingia.

Maji yakaingia. Pipa likazunguka. Povu likapanda kwenye kioo.

Kisha pipa likasimama.

Sauti haikusimama.

Fshk... fshk... fshk...

Aliyewahi kufua kwa mikono hawezi kuisahau sauti hiyo. Ni kitambaa kinachosuguliwa kati ya ngumi mbili. Ilikuwa na mwendo. Ilipumzika, ikasuuza, ikaendelea. Nyuma ya povu shati lilipanda, likashuka. Likapanda, likashuka.

Nilisogea. "Nani?" nilinong'ona.

Sauti ikakatika.

Gauni langu la bluu likainuka. Likakunjuliwa mbele ya kioo, bega na bega, kama mtu anavyoinua nguo sokoni kuikagua. Likakaa hapo.

Kisha likaachiwa.

Mlango ulipojifungua, harufu ya sabuni ya mche ilijaa stoo. Mashati matano, mikono ndani, vifungo vya juu vimefungwa. Kola nyeupe. Shuka limekamuliwa kwa kusokotwa. Chini kabisa, katikati ya maji, yalikuwa magauni yangu mawili.

Makavu.

Nilipogeuka, wifi alikuwa mlangoni. Sijui alifika saa ngapi. Hakuwa akitazama nguo. Alikuwa akinusa.

"Irudishe," alisema kwa sauti ya chini. "Wifi yangu, nisikilize. Kesho asubuhi irudishe."

Mume wangu alirudi kutoka kazini muda huo huo. Alisimama ukumbini, mkoba mkononi, akafuata harufu mpaka stoo. Alichukua shati bichi, akaligeuza kola kwenye taa. Akaliweka usoni.

"Leo umefua," alisema.

Miezi minane sikuwahi kumsikia akitumia sauti ile. Akanishika mkono, akaniita mke wangu, mbele ya dada yake. Usiku ule alikula mezani na mimi, akaniuliza habari za kazi yangu, akasubiri jibu.

Saa nne asubuhi simu iliita.

"Mama, vipi, mashine imefaa?"

Mume wangu alikuwa amesimama karibu, shati jeupe mwilini, kifungo cha juu kimefungwa. Wifi alikuwa upande wa pili wa meza, akinitikisia kichwa. Waya wa mashine nilikuwa nimeuchomoa mwenyewe tangu jana. Hata hivyo, kutoka stoo, polepole...

Fshk... fshk...

Mume wangu aliisikia. Akatabasamu. Kama ningesema hapana, nisingeliona tena tabasamu lile.

"Imefaa," nikasema.

Hii ni wiki ya tatu sasa. Wifi haji tena. Nguo zangu nazifulia uani, kwenye beseni, maana kila nikiziweka ndani zinarudi kavu. Mume wangu akitoka kazini anakwenda moja kwa moja stoo, anakaa kwenye kile kiti mbele ya kioo, bila kuwasha taa. Anaongea. Nikifika mlangoni ananyamaza, na sauti ya kufua nayo inanyamaza.

Jana jioni alitoka stoo akanikuta uani nimeinama, mikono ndani ya povu. Alisimama akinitazama kwa muda, kwa adabu, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la kibarua wa kufua.

"Dada," aliniambia, "ukimaliza hapo, ufunge geti unapotoka."