Samli ya Gumato, Jina la Elsie

Kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi, Nicholas alipiga chafya. Hakuwa na mafua. Siku hizo Gumato alileta samli.

Gumato alikuwa mama wa Kiorma, na ng'ombe wake walilishwa nje kidogo ya mji wa Garsen. Alifika kwa Elsie na kibuyu chake, akaketi kwenye mkeka, akafungua kifuniko. Mara nyumba nzima ilijaa harufu ya moshi. Elsie aliipenda sana harufu hiyo. Nicholas, mume wake, alikimbilia uani.

"Mama Tom, bwana yako naogopa samli?" Gumato aliuliza.

"Haogopi samli, anaogopa moshi," Elsie alijibu. "Miaka kumi na minane anakula chakula cha kuni, na moshi bado haujui."

Elsie na Nicholas walikuwa Wapokomo wa kijiji cha Wema waliohamia Garsen. Mtoto wao wa kwanza, Tom, alikuwa shule ya bweni. Kwa hiyo watu waliwaita Mama Tom na Baba Tom. Nicholas alikuwa karani wa maji. Alijua mabomba, na kwa maoni yake kila kitu duniani ni bomba la namna fulani. Alikuwa mtu mwema. Tatizo lake ni kwamba hakuweza kuona kitu kizuri bila kutaka kukitengeneza.

Elsie alikuwa fundi wa kushona. Mafuriko ya El Nino ya mwaka 1997 yalichukua cherehani yake. Miaka miwili ilipita, na bado aliposikia cherehani ya mtu mwingine ikilia sokoni, moyo ulimuuma. Hakupenda kukaa tu. Alitaka kazi yake mwenyewe, yenye jina lake mwenyewe.

Siku moja akapata mgeni kutoka Malindi, jina lake Dinah. Dinah alifanya kazi katika duka la vyama vya akina mama, na alikuja Garsen kufundisha biashara. Elsie alimwandalia wali, akaumiminia samli ya Gumato. Dinah alikula tonge moja, akainusa sahani.

"Mama Tom, samli hii umeitoa wapi?"

"Kwa jirani yangu Gumato. Kwani ina kasoro?"

"Kasoro ni kwamba Nairobi hawaipati," Dinah alisema. "Duka letu sasa linauza kwa kompyuta. Tunaweka picha ya bidhaa na maelezo yake. Mtu wa Nairobi au Mombasa anaiona kwenye kompyuta yake, anatuandikia, sisi tunamtumia kwa basi."

Nicholas aliacha kula. "Naelewa," alisema. "Ni bomba. Lakini samli ikiganda njiani?"

"Samli haipiti kwenye waya, Baba Tom. Inayopita ni barua. Samli inapanda basi."

"Ndivyo nilivyosema," Nicholas alijibu, wala hakuwa amesema hivyo.

Elsie alisogeza kigoda karibu. "Lakini mimi sina ng'ombe hata mmoja, dada."

"Si lazima uwe nao. Wako wengi wanaofanya hivi. Unanunua kwa mtu anayejua kazi yake. Unapakia vizuri, unabandika lebo yenye jina lako, unauza. Ila ukumbuke jambo moja. Hapa Garsen mnunuzi anachovya kidole, anaonja, halafu ndipo anatoa pesa. Mtu wa Nairobi hawezi kuchovya kidole kwenye kompyuta. Yeye anaonja jina lako. Kosa likitokea, hatamjua Gumato wala ng'ombe wake. Atakujua wewe."

Elsie hakulala vizuri usiku ule, kwa furaha.

Dinah aliporudi Malindi, alichukua kopo moja la sampuli. Baada ya wiki tatu basi lilileta barua. Mpishi mkuu wa hoteli moja Nairobi aliiona picha, akapelekewa sampuli, akaionja. Alitaka makopo ishirini na manne. Akipendezwa, ataagiza kila mwezi.

Kwanza kulikuwa na ugomvi wa lebo. Nicholas alitaka picha yake iwekwe, amevaa tai. Elsie alimuuliza kama yeye ndiye aliyekamuliwa maziwa. Basi lebo ikaandikwa *Samli ya Elsie, Garsen*, na chini yake uzito na tarehe.

Gumato alileta samli yote, na makopo mapya yakawa tayari. Siku hiyo hiyo Elsie aliitwa kwao Wema. Shangazi yake alikuwa mgonjwa.

"Baba Tom, kazi iliyobaki ni ndogo," alisema. "Jaza makopo, funga, bandika lebo, peleka kwenye basi. Basi."

"Nenda salama," Nicholas alisema. "Mimi nipo."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Nicholas alibaki peke yake na sufuria kubwa ya samli. Akaifunua. Akapiga chafya mara nne. Akawaza, hivi kweli mke wangu atapeleka Nairobi kitu kinachonuka boma? Wale watu wana mazulia. Akaona aibu kwa niaba ya mkewe. Akaenda dukani, akanunua iliki na chupa tatu za marashi ya mawaridi. Akapasha samli moto kidogo, akatia vyote, akakoroga kwa mapenzi makubwa. Kweli ni mapenzi, msomaji, hilo simnyimi. Lakini hata mapenzi hupaswa kuuliza kwanza.

Elsie aliporudi baada ya siku tatu, alikuta nyumba inanukia. Mzigo ulikuwa umeshaondoka. Akafikiri mumewe alimkumbuka, ndiyo maana akanyunyiza marashi. Akampikia samaki mzima.

Barua ya Dinah ilifika Alhamisi. Gumato alikuwa ameketi kwenye mkeka kama kawaida. Nicholas alisimama mlangoni, akaisoma kwa sauti ya karani.

"'Mama Tom, salamu. Mpishi analalamika. Alipotia samli kwenye kikaango, iliruka na kumchoma mkono. Chapati zake zilinukia kama chumba cha bibi harusi. Wageni wawili walimuuliza nani anaolewa.'" Sauti ya Nicholas ikaanza kushuka. "'Samli hii si ile ya sampuli. Amerudisha makopo yote. Nimeondoa picha ya samli yako kwenye kompyuta mpaka nipate maelezo.'"

Elsie alimtazama mumewe, akakumbuka ile harufu nzuri ndani ya nyumba. Samaki mzima akamuuma rohoni.

"Ulitia nini, Baba Tom?"

"Marashi. Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Chupa tatu."

Mabaki ya samli ile yalikuwa bado kwenye bakuli jikoni. Gumato aliomba aletewe. Aliinusa. Akainusa tena.

"Hii hapana samli," alisema polepole. "Mimi nauza samli. Mimi hapana uza bibi harusi." Kisha sauti yake ikabadilika. "Mama yangu nafundisha mimi hii kazi. Sasa watu ya Nairobi nasema ni mbaya." Akafunga kibuyu chake, akaondoka. Hakuuza hata tone.

Elsie alilia. Alilia kwa hasira, na kwa aibu zaidi. Cherehani ilichukuliwa na mto, na mto hauna akili. Jina lake lilichukuliwa na mtu aliyesoma hadi kidato cha nne.

"Tumwandikie Dinah kwamba marashi yalimwagika ndani ya basi," Nicholas alisema.

"Yakaingia ndani ya makopo ishirini na manne yaliyofungwa?"

Nicholas alifikiri. "Barabara ni mbaya," alisema, lakini hata yeye hakuamini.

Kesho yake Elsie alipanda basi kwenda Malindi. Lilingoja sana polisi wa kulisindikiza kwa sababu ya majambazi wa njiani, naye akapata muda mrefu wa kufikiri. Uongo wote alioufikiria ulikuwa mzuri. Alipofika mbele ya Dinah hakuusema hata mmoja.

"Ilitiwa marashi na iliki," alisema. "Gumato hana kosa."

"Nani alitia?"

"Jina kwenye kopo ni langu. Basi nilitia mimi, kwa mikono ya mume wangu."

Dinah alitaka kuendelea kukasirika, ila kicheko kilimshinda. Kisha akaeleza.

"Marashi ni maji, Mama Tom. Maji kwenye samli huifanya iruke kikaangoni, na baadaye ichache. Hilo ni moja. Kubwa zaidi ni kwamba mteja alinunua ile sampuli. Hata ungemtumia nzuri kuliko ile, si aliyoagiza. Ukitaka kubadilisha, unamuuliza kwanza."

"Sasa nifanye nini?"

"Mwandikie ukweli. Mtumie mzigo mwingine kwa gharama yako. Na kila ukipakia, weka kopo moja nyumbani lenye tarehe ile ile. Mtu akilalamika, unafungua lako, unaonja kile alichoonja yeye. Nakupa wiki mbili. Baada ya hapo nafasi yako nampa mwingine."

Kurudi kutoka Malindi kulikuwa rahisi. Kwenda kwa Gumato kulikuwa kugumu. Elsie alikwenda na Nicholas, wote wawili wakitazama chini. Gumato aliwapa chai. Aliwaacha wanywe hadi mwisho, ndipo aliposema.

"Samli mimi nauza tena. Lakini Baba Tom nakaa hapa kesho, naona kazi."

Nicholas alikaa. Gumato alisafisha kibuyu, akatia ndani vijinga vya moto vya mti anaouchagua mwenyewe, akafunika, akatikisa. Akamkabidhi Nicholas kibuyu cha pili. Machozi yalimtoka Nicholas kama mfiwa. Wasichana wa boma walikuja kutazama, maana hawakuwahi kuona mwanamume akifukiza vibuyu.

"Kwa nini moshi lakini?" aliuliza akijifuta macho.

"Maziwa nakaa ndani. Moshi hapana, maziwa naharibika, samli naharibika. Moshi ndiyo sabuni ya kibuyu."

Nicholas aliacha kutikisa. Uso wake ukang'aa. "Kumbe ni ile dawa tunayotia kwenye tangi la maji," alisema. "Mbona hamkuniambia?"

"Wewe hapana uliza," Gumato alisema.

Elsie alimwandikia mpishi ukweli, na safari hii alipakia mwenyewe. Makopo yalikuwa makavu kabisa. Kabla ya kufunga kila kopo, Gumato aliliinusa. Nicholas aliruhusiwa kubandika lebo, mikono yake ikionekana muda wote. Kopo la ishirini na tano lilibaki kabatini. Makopo yenye marashi yaliporudi, Elsie alichemsha samli ile hadi maji yakakauka, na Nicholas akaila. Mwezi mzima alikwenda kazini akinukia harusi.

Mpishi alijibu kwa maneno machache. Alisema sasa ndiyo ile. Akaagiza makopo mengine, na mwezi uliofuata akaagiza tena. Picha ya samli ilirudishwa kwenye kompyuta. Watu wa Mombasa nao wakaanza kuandika.

Kisha mvua za vuli zikaja. Kuni zililowa, njia zikajaa matope. Alhamisi moja Gumato alifika amechelewa, nguo zake zimelowa hadi magotini. Akaweka samli kwenye mkeka. Mzigo ulitakiwa kwenye basi jioni ile.

Elsie alifungua kifuniko akainusa. Akaonja. Akatoa kopo la kabatini, akaonja hilo pia. Gumato alikuwa rafiki yake, na mkubwa wake kwa miaka. Ndiye aliyemsamehe.

"Dada Gumato," alisema, "hii haikufukizwa sawasawa. Siwezi kuitia jina langu. Hii nitapikia nyumbani. Ya mzigo, niletee nyingine."

Nicholas alitoka uani polepole, akasimama nyuma ya mlango. Gumato alichukua kile kibuyu, akakinusa kwa muda mrefu.

"Kuni nalowa," alisema. "Mimi najua. Nataka kuona kama wewe najua."

"Sasa umeona."

"Naona. Jumatatu naleta nzuri."

Elsie alimwandikia Dinah kwamba mzigo utachelewa kwa siku nne, na sababu yake ni kuni mbichi. Jumatatu Gumato alileta samli nyingine. Ilipofunguliwa, Nicholas alipiga chafya, na Elsie akaanza kujaza makopo.